Sifo si Majigambo: Uhakiki wa Istilahi ya Sifa katika Fasihi Simulizi ya Mkoa wa Mara

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi majigambo kama inavyotumika kutaja utanzu wa fasihi simulizi ambamo msanii hujisifu mwenyewe. Kwa kuchunguza historia ya maana ya neno sifa, umbo la vitenzi kujigamba na kwivuga, na matumizi ya maneno mura na pakruok mkoani Mara, makala yanadai kwamba istilahi hiyo imebeba lawama isiyokuwamo katika utendaji wenyewe. Neno sifo, ambalo tayari limo katika uainishaji wa tanzu, linahifadhi maana ya awali ya sifa, yaani kueleza mtu alivyo. Hotuba ya Antoni katika tamthilia ya Julius Caesar, iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, na desturi ya kusoma wasifu wa marehemu zinatumika kuonyesha namna maelezo matupu yanavyotenda kazi ya sifa.

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetumwa Musoma, Bunda au Butiama kukusanya tungo za sifa hukabiliwa na kikwazo kabla hajawasha kinasa sauti. Lugha za eneo hilo ni nyingi na zimekaa karibukaribu: Kikwaya na Kijita kandokando ya ziwa, Kizanaki Butiama, Kiikizu upande wa Bunda, na nyingine kadhaa katikati yake. Aghalabu mwanafunzi hazijui zote, na pengine hajui hata moja. Atauliza kwa Kiswahili. Kiswahili alichofunzwa darasani kinampa neno moja la kuombea anachokitafuta: “Mzee, tunaomba ututolee majigambo yako.” Kwa sikio la mwanafunzi hiyo ni istilahi. Kwa sikio la mzee ni neno la Kiswahili kama maneno mengine, na maana yake anaijua: anaombwa ajivune mbele ya wageni. Akiwa mtu wa heshima zake atakataa, au atatoa kitu cha kuwachekesha vijana ili waondoke salama. Kitakachorudi chuoni ni mzaha uliobandikwa jina la utanzu.

Mambo haya yana mizizi katika uainishaji wenyewe. Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi aliyaweka maghani chini ya ushairi simulizi, na ndani ya maghani akatenga kundi la sifo, yaani tungo za kusifu. Humo ndimo zinamopatikana kivugo, au majigambo, pamoja na tondozi. Uainishaji huo umekuwa na nguvu kubwa katika ufundishaji, Tanzania na hata Kenya, ambako vitabu vya shule huyataja majigambo na vivugo kama visawe na kuongeza pembezi kando ya tondozi. Sina ugomvi na mipaka ya makundi hayo. Ninachohoji ni alama ya usawa iliyowekwa kati ya kivugo na majigambo, na namna alama hiyo inavyopotosha usomaji wa tungo za kanda ya ziwa, hasa mkoani Mara. Maneno hayo mawili hayalingani, na neno la tatu linaloyafunika, sifo, halijachunguzwa kwa kina linachostahili.

Sifa: kutoka kueleza hadi kutukuza

Neno sifa limetoka katika Kiarabu, na huko mzizi wake haukuhusu kutukuza. Kitenzi wasafa maana yake ni kueleza kitu kilivyo, na sifa ni ile hali au tabia inayokibainisha kitu hicho. Kumtukuza mtu kwa maneno Kiarabu kina mzizi mwingine, ule uliotupa madahi katika Kiswahili. Na kumshukuru na kumtukuza Mungu kina hamdi, iliyotupa himidi. Kwa hiyo Kiswahili kilipolipokea neno sifa kilipokea neno la maelezo, kisha, kwa safari yake chenyewe, kikalifanya neno la sifa kwa maana tunayoijua leo.

Safari hiyo haikufuta maana ya kwanza. Tangazo la kazi linapotaja “sifa za mwombaji” halimsifu mtu, linaorodhesha vigezo. Wanafonolojia tunapozungumzia sifa bainifu za sauti hatuna nia ya kuipongeza /b/ kwa kuwa ghuna. Vitabu vya zamani vya sarufi viliita sifa kile tunachokiita leo kivumishi, na katika elimu ya tauhidi sifa za Mwenyezi Mungu ni zile hali zinazomhusu Yeye, zinazofundishwa kwa mpangilio kama somo. Jamaa yake wa karibu, wasifu, ni neno la maelezo vilevile: Shaaban Robert alipoandika maisha ya mwimbaji wa Unguja alikiita kitabu chake Wasifu wa Siti binti Saad, na leo wasifu ni ile karatasi ambayo mwombaji wa kazi huieleza elimu yake na kazi alizofanya. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hilo dogo. Mwombaji wa kazi huandika kwa nafsi ya kwanza, hutaja mafanikio yake tu, na hunyamazia mengine. Hakuna mtu anayemwambia kwamba anajigamba.

Maana ya pili ni ile ya jina linalovuma: mtu “mwenye sifa”, mji “unaosifika kwa samaki”, hata “sifa mbaya”, tungo ambayo ingekuwa mkanganyo iwapo sifa ingekuwa na maana ya kutukuza peke yake. Ya tatu ndiyo ya kutukuza. Ndani ya hiyo ya tatu umezuka mchepuko ambao kamusi zetu zimekuwa na haya kuuingiza. Katika Kiswahili cha mtaani nchini Tanzania, Musoma ikiwamo, “ana sifa huyo” na “acha sifa” ni maneno ya kukemea. Anayeambiwa hivyo ametenda jambo ili aonekane. Wingi wake, masifa au misifa, ni mkali zaidi. Hapa sifa imegeuka kuwa kile mtu anachokitafuta, wakati mwanzo ilikuwa kile alichonacho.

Mnyambuliko nao unasema kitu. Kusifu na kusifia hutumiwa na wengi kama visawe, lakini katika sentensi kama “walikuja kumsifia mkubwa wao” kauli ya kutendea huleta harufu ya lengo: kuna kinachotarajiwa baada ya sifa. Siasa za miaka ya karibuni zimezaa neno la kumwita msifiaji wa aina hiyo, chawa, na kazi yake, uchawa. Inafaa kuona kwamba lugha haikumwita msifu. Imemtafutia mdudu.

Mapokeo ya methali yanazijua pande zote hizi. Methali ya mgema anayesifiwa huiona sifa kama sumu kwa anayeipokea, na ile isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza inamlaani moja kwa moja anayejitangaza. Lakini iko nyingine ambayo wahakiki wa tungo za sifa wangeifikiria zaidi: asifuye mvua imemnyea. Humo kusifu ni kutoa ushahidi. Anayesifu anadaiwa awe aliloa. Hiyo ni sifa kwa maana iliyo karibu kabisa na mzizi wake, maelezo ya jambo yanayotolewa na mtu aliyelipitia.

Katika makanisa mengi ya mjini siku hizi kipindi cha “kusifu na kuabudu” kimegawanyika katika nyimbo za haraka, zinazoitwa sifa, na za taratibu, zinazoitwa kuabudu. Waumini wameshalifanya neno sifa kuwa jina la utanzu, tena kwa kigezo cha mapigo, bila kusubiri wanataaluma. Kwa sababu hiyo tu, Mulokozi alikuwa na busara kutumia sifo badala ya sifa. Kiambishi -o hutupa nomino za kilichofanywa: kuimba na wimbo, kusema na msemo, kucheza na mchezo. Sifa mtu huwa nayo, sifo hutungwa.

Kujigamba na kwivuga

Kivugo si neno la pwani. Ni sehemu ya ukoo mkubwa wa maneno ya kanda ya Maziwa Makuu. Wahaya husema ekyebugo, wingi ebyebugo, Wanyankore ekyevugo, Wanyarwanda icyivugo, na kitenzi chao ni kwivuga. Umbo la neno la Kinyarwanda liko wazi kwa yeyote anayejua sarufi ya Kibantu: ki ya ngeli, i ya kujirejelea, na vuga, ambayo maana yake katika lugha hiyo ni kusema. Kwivuga basi ni kujisema. Hamna neno la kutukuza ndani yake wala la kujivuna. Mtu husimama akajitamka, na ubora wa alichokitamka unatokana na matendo anayoyataja na ufundi wa kuyataja.

Neno hilo lilipoingia katika istilahi za Kiswahili kama kivugo, kirejelei kilidondoka njiani. Ki-i-vugo limekuwa ki-vugo, na kwa kuwa Kiswahili hakina kitenzi vuga chenye maana ya kusema, neno limebaki bila mizizi linakotumika. Ili lieleweke limefungwa kwenye majigambo, na hapo ndipo lilipobebeshwa mzigo ambao halikuwa nao.

Maana kujigamba ni neno la namna gani? Kamusi hulifafanua kwa visawe kama kujisifu, kujitapa, kujivuna, na hakuna msemaji wa Kiswahili anayelitumia kumsifia mtu. Umbo lake, hata hivyo, linashawishi. Katika Kiganda, Kinyankore na Kihaya, kugamba ni kusema. Kiswahili kina mzizi huohuo uliodondosha g, katika kuamba ya kale ambayo leo tunaikuta ndani ya kuambia na ndani ya kirejeshi amba-. Iwapo gamba ya kujigamba ni mzizi huo, basi kujigamba na kwivuga zimejengwa kwa matofali yaleyale: kirejelei na kitenzi cha kusema. Kubaki kwa g ni kikwazo, kwani Kiswahili kingetarajiwa kuidondosha humo kama kilivyoidondosha katika kuamba, na mwenye kuitetea dhana hii atalazimika kudai ama neno lilikopwa kutoka bara ama g ilikingwa na irabu ya kirejelei. Siutegemezi mjadala huu juu ya dhana hiyo. Hata ikikataliwa, ulinganisho wa matumizi unatosha. Jamii za Maziwa Makuu zilichukua tendo la mtu kujitamka mbele ya wenzake zikalipa jina lisilo na hukumu. Kiswahili kilipolitaja tendo hilo kilitoa hukumu papo hapo.

Isidhaniwe kwamba watu wa pwani hawakujisifu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, alitunga mashairi ya kuikabili Zanzibar ya Seyyid Said ambayo ndani yake majisifu na matusi hayatengani. Tungo za namna hiyo zinastahili kabisa kuitwa majigambo: kuna mpinzani, kuna kumtisha, na msemaji anataka asikike akijikweza. Ninachokipinga ni kulichukua neno linalofaa malumbano ya Mombasa na kulivika kila tendo la kujitaja kutoka Bukoba hadi Musoma.

Mura na pakruok

Tukirudi Mara tuanze na neno moja ambalo Mtanzania yeyote analijua: mura. Katika Kikurya ni omomura, wingi abamura, na maneno ya ukoo huohuo yanapatikana katika lugha jirani. Maana yake ni kijana wa kiume aliyekwishatahiriwa na kuingia katika rika lake. Ni neno la hatua ya maisha, la maelezo kabisa. Lakini kwa kuwa hatua hiyo hufikiwa kwa kuvumilia maumivu hadharani bila kutikisika, kumwita mtu mura ni kumshuhudia kwamba aliivuka. Mtu mzima humwita mwenzake hivyo katika salamu, katika kumtuliza, katika kumhimiza kazini, na sifa imo ndani ya wito bila kivumishi chochote kuongezwa.

Neno hilo lilipotoka nje ya mkoa lilibadilika. Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam mura ni jina la utani la mtu yeyote wa Mara, awe Mkurya, Mjita au Mzanaki, na huambatana na mizaha ya ukali na panga. Kilichopotea ni rika. Asiye na rika hilo hana alichokishuhudia, kwa hiyo kwake neno ni tupu na hulijaza kwa dhihaka. Naona hapa, katika neno moja, historia ileile tuliyoiona katika sifa: maelezo yanakuwa sifa mbele ya wanaojua, na sifa inakuwa kejeli mbele ya wasiojua. Istilahi majigambo imewekwa na watu waliosimama upande wa pili.

Pakruok inatupeleka mbali zaidi, na ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kwa mwainishaji. Waluo wa Rorya, na wenzao waliohamia Musoma mjini, wana lugha isiyo ya Kibantu, kwa hiyo mofolojia yao haitusaidii kwa ulinganisho wa viambishi. Inatusaidia kwa kutofautiana. Mzizi pak ni kusifu. Kiambishi ruok huunda nomino zenye maana ya kujitendea, lakini pia ya kutendeana: kutokana na hero, kupenda, hupatikana herruok, upendo wa watu kati yao. Pakruok basi ni kujisifu na ni kusifiana kwa pamoja, na msemaji wa Kijaluo halazimiki kuchagua.

Utendaji unalingana na sarufi. Mpiga nyatiti anapopiga mbele ya wageni, mtu hunyanyuka, humtuza fedha, humsimamisha, kisha hujitaja kwa majina yake ya sifa, akataja na kwao, rafiki zake, shemeji zake, na walio mbele yake. Akimaliza, muziki huendelea hadi mwingine ausimamishe. Aliyetajwa ana deni la kujibu. Anayejitaja bila kumtaja mtu mwingine yeyote ameharibu.

Kiswahili kinatenganisha kwa ukali kile ambacho Kijaluo kinakiunganisha: kujisifu kuna ji, kusifiana kuna ana, na mtu hawezi kuyatenda yote mawili kwa kitenzi kimoja. Mfasiri wa pakruok akiandika “kujisifu” ameacha nusu ya neno. Akiandika “majigambo” ameacha nusu, na nusu aliyoichukua ameichafua. Tena amefanya kosa la kiutanzu: amelihesabu kama utungo wa mtu mmoja jambo ambalo kimsingi ni majibizano, na linalofanana zaidi na mchezo wa karata ambapo kila anayetupa yake anamlazimisha wa pili atupe.

Antoni na wasifu wa marehemu

Mwana wa Butiama aliyelifikisha suala la sifa mahali pazito zaidi katika fasihi ya Kiswahili hakufanya hivyo kwa kutunga tungo za kwao. Alifanya hivyo kwa kutafsiri. Tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari ilitoka mwaka 1963, ikatolewa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Imejadiliwa mara nyingi kama tendo la kisiasa la kuithibitisha lugha ya taifa. Mimi naitaja hapa kwa sababu nyingine: tamthilia hiyo imejengwa juu ya aina mbili za sifa, na Kiswahili kinazitenganisha vizuri kuliko inavyodhaniwa.

Aina ya kwanza ni ya Kaizari mwenyewe. Muda mfupi kabla ya kuchomwa visu anakataa ombi la wanaomsihi, na anajifananisha na nyota ya kaskazini isiyohama mahali pake. Hataji alichokifanya. Anataja jinsi alivyo juu ya wengine. Hayo ni majigambo kwa maana kamili ya neno, na majibu yake ni majambia.

Aina ya pili ni ya Antoni. Anapanda jukwaani akiwa na maiti mbele yake, anawaambia Warumi kwamba kumsifu marehemu si kazi iliyomleta, kisha anaanza kueleza: mateka aliowaleta Roma na fidia zao zilizojaza hazina, machozi aliyoyatoa maskini walipolia, taji alilopewa mara tatu akalikataa mara tatu, wosia wenye fungu la fedha kwa kila raia. Kwa kawaida wahakiki huiita kejeli, kwamba Antoni anasema hasifu ilhali anasifu. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuiona kwa namna iliyo sahihi zaidi. Antoni hakusema uongo. Hakusifu kwa maana ya kutukuza. Alitoa sifa, kwa maana ya maelezo, na maelezo yakafanya kazi ambayo kutukuza kusingeweza kuifanya. Umati ulioshuhudia taji likikataliwa ulijisikia kuwa umeitwa mahakamani.

Kinachofanana na hotuba hiyo katika maisha yetu hakipo jukwaani, kipo msibani. Kila anayehudhuria mazishi Musoma, kama kwingineko nchini, amesikia kikitangazwa kipindi cha wasifu wa marehemu. Mwana ukoo husimama na karatasi: alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa ngapi kati ya wangapi, alisoma wapi, alifanya kazi wapi, aliugua lini, ameacha mjane na watoto na wajukuu wangapi. Lugha ni kavu kwa makusudi. Kivumishi cha sifa kikizidi watu hutazamana. Hata hivyo hakuna mwombolezaji anayedhani kwamba karatasi ile ni taarifa tu. Watoto wanaohesabiwa wapo wamekaa, shule na kazi zinazotajwa wapo walioshiriki, na kila tarehe ina shahidi wake uwanjani. Ni sifo ya siku hizi, na imekaa chini ya jina linalotokana na mzizi uleule. Inashangaza kwamba vitabu vya fasihi simulizi havijaipa hata aya moja.

Chuku kama kigezo

Vitabu vingi vya kiada hutaja chuku miongoni mwa sifa za majigambo. Kigezo hicho nakiona dhaifu. Chuku ya taswira ni kitu kimoja: mtu kujiita simba, radi, au fahali asiyefungwa ni kanuni ya ushairi, wala msikilizaji hapimi ukweli wake. Chuku ya tendo ni kitu kingine. Anayejisema mbele ya rika lake anataja mbele ya watu waliokuwapo, na akidai alifika asikofika watamkatiza. Tungo za nafsi zinazotegemea mashahidi haziwezi kustahimili chuku ya aina hii ya pili kwa muda mrefu. Ikiwa wanafunzi wetu huleta tungo zilizojaa uongo wa matendo, tujiulize kama walizipata mbele ya rika au mbele ya kinasa sauti peke yake, kwa mzee aliyekaa na wageni wasiojua lolote la kumpinga.

Istilahi na swali la mtafiti

Itasemwa kwamba majigambo limeshazoeleka, limo katika mihtasari na mitihani, na kulibadilisha ni kuwasumbua walimu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haihitaji neno lifutwe. Libaki kwa tungo za mashindano na vitisho, ambako linafaa. Kwa tungo ambamo mtu hujitaja mbele ya jamii yake kwa matendo na nasaba, ninapendekeza sifo nafsi, kwa kufuata mfano wa ghani nafsi ambao tayari unajulikana. Faida yake ni kwamba linamwelekeza mwanafunzi kwenye sifa kama maelezo yenye ushahidi, na halimwambii mapema kwamba anayemsikiliza ana kiburi. Kivugo linaweza kubaki kama jina mahususi la tungo za ukoo wa ekyebugo na icyivugo, ambako lilizaliwa, na si kila mahali panapokuwa na ziwa. Kwa pakruok nisingetafsiri. Tunalo nyatiti bila tafsiri, na hakuna aliyepotea.

Uwanjani, hata hivyo, sifo nafsi haitamsaidia mtu, kwa kuwa mzee wa Butiama haijui wala hana sababu ya kuijua. Huko istilahi iachwe mkobani. Mtafiti akimwendea mzee aanze na mwenyeji atakayemjulisha, ahakikishe wapo wawili watatu wa umri wake, kisha aulize kama anavyouliza kijana aliyefunzwa adabu: “Baba, rika lako wanakuitaje, na jina hilo ulilipataje?” Swali hilo halimwombi mtu ajisifu. Linamwomba aeleze, na wenzake watajaza pale atakaponyamaza.

Na kinasa sauti kielekezwe kwao pia. Katika nakala za maandishi tunazosahihisha, sauti za wanaoitikia, wanaocheka, wanaokatiza na kumrekebisha msemaji huwekwa kwenye mabano kama kelele, au huondolewa kabisa ili utungo “usafike”. Nakala ya pakruok iliyosafishwa hivyo hubaki na nusu ya kwanza ya mazungumzo. Aliyedaiwa kujibu hayumo, na msomaji hana njia ya kujua kama deni lililipwa.